Mwezi mmoja na nusu juu ya pikipiki: kuhusu breki ya mbele, mchanga, na kifundo kinachouma

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kibaha na nafundisha shule iliyo upande wa Mlandizi. Nilinunua pikipiki ya 125 mwezi mmoja na nusu uliopita ili niachane na kugombania daladala asubuhi. Jirani yangu ni dereva bodaboda, alinifundisha siku mbili uwanjani na kuniambia nisiguse kabisa breki ya mbele kwa sababu inapindua. Wiki ya tatu nikajisahau, nikaishika wakati nakata kona kuingia getini shuleni, penye mchanga, nikaanguka upande wa kulia. Sikuumia sana, ila kifundo cha mkono bado kinauma nikikaza. Tangu hapo natumia ya mguu tu. Wiki iliyopita daladala ilisimama ghafla mbele yangu, nikakanyaga breki, tairi la nyuma likaburuza na kuyumba, nikaponea pembeni kwa bahati. Pia kwenye kona za kulia najikuta navutwa nje, kwenye majani. Watu wanasema ni kawaida, kila dereva lazima aanguke ndiyo akomae. Mume wangu anataka niiuze. Mdogo wangu anataka nimbebe kwenda chuo. Nifanye nini?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya breki na kona nataka nianze na maneno uliyoyapitia haraka: kifundo bado kinauma ukikaza. Hizo ni zaidi ya wiki tatu. Mtu anayeanguka na pikipiki hutanguliza kiganja, na uzito wote wa mwili hutua juu ya vifupa vidogo vya kifundo. Kimojawapo, kilicho upande wa kidole gumba, hupata damu kwa shida. Kikipata ufa hupona polepole sana, na mara nyingi ufa huo hauonekani kwenye eksirei ya siku za kwanza. Nyosha gumba lako juu: chini yake, kati ya kano mbili zinazojitokeza, pana kishimo. Bonyeza hapo. Pakiuma, nenda hospitali kesho, umwambie daktari kwamba ulianguka ukatanguliza mkono, na umtajie tarehe. Hata pasipouma hapo, maumivu ya wiki tatu yanastahili kuangaliwa. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyeuchua mkono wa namna hiyo kwa mafuta ya moto miezi miwili, akidhani ni mteguko. Aliishia kufanyiwa upasuaji wa jambo ambalo pengine lingekwisha kwa kufungwa hogo mapema.

Nimeanza na mkono kwa sababu nyingine pia. Huo ni mkono wa kulia, ndio unaoshika breki ya mbele, na karibu kila nitakachokuambia hapa kinautegemea. Mkono unaouma husita. Pikipiki iache nyumbani mpaka daktari akuruhusu.

Sasa nikuondolee kitu kimoja kinachokusumbua bila kukitaja: kwamba labda wewe ni mwoga, au huna kipaji. Ukiyatazama matukio yako mawili, getini na nyuma ya daladala, ni tatizo moja lililotokea mara mbili. Getini ulitumia breki ya mbele mahali isipofaa. Nyuma ya daladala ukaikataa mahali ambapo hiyo ndiyo ingekuokoa. Hukufundishwa kuitumia, basi. Siku mbili za uwanjani zinatosha kumwezesha mtu kuondoka bila kuzima injini na kubadili gia. Kusimama ni somo jingine, refu zaidi, na wengi wetu tuliingia barabarani bila kulisoma.

Hebu tukumbuke daladala unayoikimbia. Umesimama katikati, umeshika bomba, dereva anakanyaga breki. Abiria wote mnaenda wapi? Mbele. Aliyekaa kiti cha nyuma anajikuta mikono yake imejaa mgongo wa mwenzake. Pikipiki nayo, ukishika breki, uzito wake na wako huhamia mbele. Shokapu za mbele huzama, tairi la mbele hugandamizwa kwenye lami, na tairi linalogandamizwa hushika zaidi. Wakati huohuo tairi la nyuma linapungukiwa uzito, linabaki jepesi kama kindoo kisicho na maji. Kadiri unavyosimama kwa nguvu, ndivyo la nyuma linavyokosa cha kushikia. Ukilikanyagia breki kwa hofu, gurudumu linaacha kuzunguka na tairi linaburuza. Ndiyo maana ulihisi mkia unayumba. Kwenye lami kavu, ukiwa peke yako, sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama iko mbele.

Nikupe hesabu, maana wewe ni mwalimu. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unakula karibu mita 17. Sekunde moja huisha kabla mkono na mguu havijaanza kazi: jicho limeona, akili imeelewa, misuli bado. Baada ya hapo, kwa breki zote mbili zikitumika vizuri kwenye lami kavu, unahitaji kama mita 20 kusimama. Kwa breki ya nyuma peke yake ni mita 40, pengine zaidi. Tofauti ya mita 20 ni urefu wa daladala tatu hivi za Kibaha zikipangwa mkia kwa pua. Ukipunguza mwendo hadi 30, umbali wa kusimama haupungui kwa nusu, unapungua hadi robo: mita tano tu baada ya breki kushika. Sijui kingine kinachoweza kumlinda dereva mpya kwa bei rahisi hivyo.

Jirani yako hakukudanganya kwa nia mbaya, na imani yake si ya Kibaha peke yake. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali zaidi ya 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Walikuta kwamba waendeshaji wengi, katika sekunde za mwisho, walikuwa wamekanyaga breki ya nyuma mpaka tairi likaburuza, na ya mbele wakaitumia kidogo mno. Zaidi ya nusu walikuwa na uzoefu wa chini ya miezi mitano na pikipiki waliyopata nayo ajali. Na karibu wote hawakuwahi kupata mafunzo rasmi: walijifunza wenyewe, au walifundishwa na ndugu na marafiki. Ripoti ina zaidi ya miaka 40, lakini niliposoma barua yako niliona ukurasa uleule.

Lakini kwa nini basi ulianguka getini? Kwa sababu msemo wa jirani una chembe ya ukweli, na ni vizuri tuitenge chembe hiyo na makapi. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi ni ndogo kuliko kiganja chako. Hapo ndipo pana mshiko wako wote, na mshiko huo ni kama mshahara: kilichokwenda kwenye kodi ya nyumba hakiwezi tena kulipa ada. Ukiwa umenyooka, mshahara wote unaweza kwenda kwenye breki. Ukiwa unakata kona, sehemu kubwa imeshatumika kuigeuza pikipiki. Juu ya mchanga, mshahara wenyewe ni mdogo tangu mwanzo. Wewe getini ulikuwa kwenye mchanga, umekata hendeli, halafu ukadai na breki. Tairi la mbele likateleza, na la mbele likiteleza katika hali hiyo hakuna muda wa kujirekebisha. Breki ya nyuma ingekusamehe kidogo. Yule jirani ameona watu wakianguka hivyo, akafunga hukumu kwa breki nzima.

Kanuni ya mahali kama lile geti ni kumaliza kazi ya breki mapema, ukiwa bado umenyooka na bado uko pagumu. Ingia kwenye mchanga ukiwa tayari umepunguza, gia ya kwanza au ya pili, moto (mafuta unayoipa injini kwa mkono wa kulia) wa kiasi usiobadilikabadilika. Magoti yabane tangi, mikono iwe milegevu, maana hendeli itacheza kidogo na haina ubaya ikiachwa icheze. Tazama mbali, mlangoni pa ofisi ya walimu, usitazame mchanga. Na ukilazimika kupunguza humo ndani, mguu wa kulia, kwa wepesi.

Sasa mkono ukipona, nenda ukajifunze upya. Tafuta mahali pa lami tupu, tambarare na pakavu, Jumapili asubuhi, pamoja na mtu wa kukuangalia. Barabara ya Morogoro yenye malori ya kwenda Tunduma haifai kwa zoezi hili hata saa kumi na mbili alfajiri. Weka jiwe. Njoo kwa mwendo wa 20, ukifika kwenye jiwe anza na mbele. Usiinyakue. Umewahi kukamua tui? Huanzi kwa kubana kwa nguvu zote. Unakusanya chicha kwenye kiganja, unabana kidogo, unahisi, halafu unaongeza mpaka mwisho. Breki ya mbele ni hivyohivyo. Bano la kwanza jepesi, subiri shokapu zizame (ni kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho), uzito ukishafika mbele ongeza. Mguu nao uanze pamoja na mkono, kisha ulegee kadiri pikipiki inavyoinama mbele. Klachi ishike mwishoni, unapokaribia kusimama, ili injini nayo ikusaidie kupunguza. Wanaoshuka mteremko wakiwa frii kwa kuokoa mafuta wanajinyima breki ya tatu.

Fanya mara kumi, pumzika, fanya mara kumi tena. Weka jiwe la pili pale uliposimama. Siku ya tatu au ya nne, kwa mwendo uleule, utaona mawe yamesogeleana, na hapo ndipo upandishe hadi 30, kisha 40. Dakika 20 kwa siku zinatosha; ukichoka unaanza kujifunza makosa. Ikitokea tairi la mbele limefunga na kulia, achia mara moja, halafu bana upya kwa upole. La nyuma likiburuza ukiwa umenyooka, legeza mguu taratibu. Likiwa limeshakwenda upande, usiliachie ghafla, kwa sababu litashika tena kwa kishindo na kukurusha.

Jambo moja la fundi. Pikipiki nyingi za 125 zina breki za ngoma mbele, zinazovutwa kwa waya, na nimekutana na nyingi ambazo waya huo ulilegezwa makusudi na mtu anayeamini kama jirani yako. Bana mkono wa breki ukiwa umesimama. Mkono huo ukigusa hendeli kabla gurudumu halijakaza, hiyo breki haipo. Mpelekee fundi aikaze na atazame shuu (vile vibano vya ndani ya ngoma) zilivyobaki, na mwombe akuangalizie pia breki ya nyuma, cheni na upepo wa matairi. Kipimo cha upepo kipo kwenye kibandiko cha pikipiki yenyewe, fuata hicho, wala usifuate mazoea ya kijiwe. Ujue pia ngoma ikiingia maji hupoteza makali kwa muda. Ukivuka dimbwi, shika breki kwa wepesi ukitembea polepole mpaka uhisi imerudi. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iogope kuliko ya pili: vumbi na mafuta yaliyokaa juu ya lami yanakuwa kama mlenda.

Kuhusu daladala, breki ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni nafasi. Ulikuwa karibu mno. Chagua nguzo ambayo gari la mbele linaipita, anza kusema kimoyomoyo, "gari hili linaweza kusimama sasa hivi." Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza sentensi, rudi nyuma. Mvua ikinyesha, iseme mara mbili. Wenye haraka watakuchomekea kwenye hiyo nafasi, nawe utaitengeneza upya, mara ishirini kwa safari moja ikibidi. Halafu jifunze kuisoma daladala, maana taa zake za breki zinaweza kuwa zimekufa. Konda akigonga bodi, mlango ukifunguka, abiria pembeni akinyoosha mkono, tairi la mbele likianza kugeukia kushoto: kila kimoja kinakuambia itasimama kabla haijasimama. Nami hapo huweka vidole juu ya breki tayari. Magari yanayotoka pembeni pia tazama matairi yao ya mbele, uso wa dereva unaweza kukuelekea na asikuone. Katika ripoti ile ya 1981, pale pikipiki ilipogongana na gari jingine, mara mbili kati ya tatu ni mwenye gari aliyeingilia njia ya mwenye pikipiki. Washa taa mchana kutwa.

Kona za kulia. Hapa nina hakika naijua sababu kwa maelezo yako tu: unayatazama majani. Mwili hupeleka pikipiki macho yalipo, na anayeogopa kitu hukikodolea. Punguza mwendo kabla ya kona, mpaka ujisikie umepunguza kupita kiasi, kisha geuza kidevu, kichwa kizima, utazame kule kona inakoishia. Moto uwe sawa. Kuna na siri nyingine ambayo wengi huifanya bila kujua wanaifanya: pikipiki ikishapita mwendo wa baiskeli, hupindi kulia kwa kuzungusha hendeli kulia. Unausukuma mbele kidogo mkono wa kulia, pikipiki inalala kulia, inakwenda kulia. Najua inasikika kinyume. Ijaribu kwenye lami tupu, umenyooka, mwendo wa 40: sukuma mkono wa kulia kwa nguvu ya kubonyeza kengele ya mlango, uone inavyoinama. Mtu asiyejua hili, kona ikimkazia, huvuta ule mkono kwa hofu, na pikipiki inanyanyuka na kumpeleka nje. Nadhani ndiko ulikokuwa ukienda.

Ule msemo wa kuanguka ndiyo kukomaa naupinga kwa moyo wote. Nimefundisha kwa miaka mingi na nimezika watu niliowajua. Wodi za mifupa, pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, na katika hospitali za mikoa, zina vijana wengi waliofika kwa pikipiki, na hakuna aliyekomaa kwa kulazwa pale. Kuanguka kunakufundisha kuogopa kitu fulani. Wewe kulikufundisha kuogopa breki, na woga huo nusura ukuingize chini ya daladala.

Hukuniambia kofia yako ilikuwaje siku ile ya getini. Kama iligonga chini, nunua nyingine hata kama haina mkwaruzo: ile sponji ngumu ya ndani hufanya kazi yake mara moja, ikishaminyika hairudi. Kofia nzuri hubana mashavu, na ukitikisa kichwa inakwenda na kichwa. Kamba ifungwe chini ya kidevu kila safari, hata ya dukani. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia isiyofungwa huruka kabla yako. Na siku yoyote ukigonga kichwa, halafu ukatapika, ukasinzia isivyo kawaida, ukachanganyikiwa au kichwa kikazidi kuuma, hiyo ni hospitali saa ileile, hata kama ulisimama na kuendesha mpaka nyumbani.

Uiuze? Mumeo hana makosa kuogopa, na sitamwambia kwamba pikipiki ni salama kama basi, kwa sababu si kweli. Mkiweza kupanga usafiri mwingine bila kuumia kifedha, hakuna aibu yoyote kuiuza. Mkiamua kubaki nayo, basi msibaki nayo kwa ujuzi ulio nao leo. Nenda ukasome kwa mwalimu anayekuona kwa macho, kwa sababu barua yangu haiwezi kuuona mkono wako ukinyakua breki wala kidevu chako kikisahau kugeuka. VETA wanafundisha udereva, na zipo shule zilizosajiliwa. Uliza kabla ya kulipa kama zoezi la kusimama kwa dharura limo, na kama halimo tafuta pengine. Hakikisha na leseni yako ina daraja la pikipiki, kwa sababu la gari dogo halikufuniki. Mchukue mumeo siku moja uwanjani akutazame ukifanya zoezi la mawe. Akiona yanavyosogeleana mtakuwa na cha kuzungumza zaidi ya hofu. Na kama baada ya mafunzo hayo bado unaianza kila asubuhi tumbo likikusokota, uza. Atakayesema umeshindwa si yeye atakayekuwa juu ya hiyo pikipiki.

Mdogo wako asubiri. Abiria hubadilisha kila kitu nilichoeleza hapo juu: uzito unahamia nyuma, umbali wa kusimama unaongezeka, mbele panakuwa pepesi kwenye kona, na mtu asiyejua hujinyoosha kinyume pale unapolala. Mimi humruhusu mwanafunzi kubeba baada ya miezi sita hivi ya kuendesha karibu kila siku bila tukio, na hata hapo safari ya kwanza ni ya mwendo mdogo, njia anayoijua, mchana. Awe na kofia yake, viatu vilivyofunika, na sketi isiyoburuzika kuelekea kwenye cheni. Atazame juu ya bega lako upande wa kona, akushike kiunoni, na asipande mpaka wewe umesema panda, ukiwa umekanyaga chini kwa miguu yote miwili na umeshika breki ya mbele.